Dizeli inagoma asubuhi ya baridi: kutafuta ubaya na kubadili glo plagi nyumbani

Ikifika Juni, huku Nyanda za Juu Kusini simu huanza kuita kabla jua halijachomoza. Mtu kanunua pikapu Dar es Salaam mwezi wa pili, inawaka mara moja tu akigusa swichi. Kaipandisha Makete kubeba viazi. Usiku wa kwanza umande umeganda kwenye majani, na asubuhi anapiga stata mpaka betri inalala. "Wameniuzia gari bovu." Labda. Lakini mara nyingi glo plagi zake zilikufa siku nyingi, na joto la Dar lilikuwa linamfichia aibu muuzaji.

Niliyoandika hapa yanatokana na ubaya ule ule unaojirudia kwenye Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ, magari ambayo mtu anaweza kuyashika mwenyewe uani kwake. Mwenye D-4D, zile dizeli mpya zaidi za Toyota, naye atapata cha kuokota, ila kuna sehemu nitamwambia aweke spana chini.

Mafundi wengi huziita hita plagi. Kazi yake ni moja. Dizeli haiwashwi na cheche, huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na 1HZ hubana hewa mara 22.4. Tatizo ni kwamba injini hizi hazinyunyizi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Kuna kijichumba ndani ya silinda hedi, na asubuhi kuta zake za chuma baridi hunyonya lile joto kabla dizeli haijawaka. Ncha ya glo plagi imeingia humo kama kijiti cha kaa la moto. Malori mengi makubwa hayana kitu hiki kabisa, na mengine yana hita kwenye njia ya hewa, kwa hiyo hakikisha kwanza injini yako inazo kabla hujaanza kuzitafuta.

Kabla ya chochote

Usitie petroli kwenye kitambaa ukakiweka mdomoni mwa eya klina, wala usipulizie spirei ya etha, kwenye injini yenye glo plagi. Najua inafanyika kila siku. Petroli ikikutana na plagi ya moto hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni hurudishwa chini kwa nguvu. Ringi huvunjika, pistoni hupasuka. Nimeona boksi la eya klina limetoka vipande viwili, na kijana aliyekuwa ameliinamia amebaki bila nyusi.

Jiko la mkaa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nalo ni la kuogopa. Injini za umri huu karibu zote zinavuja oili kidogo, na ukifanya hivyo ndani ya banda lililofungwa, moshi wa mkaa utakuua kimyakimya hata kama gari halitashika moto.

La mwisho: vua pete na saa. Kile chuma chembamba kinachounganisha plagi hupitisha ampea nyingi kuliko unavyodhani, na pete ikigusa chuma hicho na injini kwa pamoja itakuwa nyekundu ikiwa kidoleni mwako.

Stata inazunguka kwa nguvu, moshi mweupe unatoka, injini haiwaki

Hii ndiyo dalili yenyewe. Moshi ule mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyonyunyizwa ikatoka mbichi. Maana yake dizeli inafika na joto ndilo halipo. Kwa jinsi ninavyokutana nazo, sababu hufuatana hivi: plagi mbili au zaidi zimekufa, relei (swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye plagi) imeungua ndani, nati ya chuma cha kuunganishia imelegea au imeota kutu, fyuzi kubwa imekatika, sensa ya joto la maji inadanganya, na mwisho kabisa, injini imechoka kompresheni (nguvu ya kubana hewa) au taimingi ya pampu (wakati wa kunyunyiza dizeli) imesogea.

Usianze na plagi, hata kama zinaongoza orodha. Anza na kipimo cha dakika moja. Injini iwe baridi. Weka mita ya umeme kwenye volti za betri, waya mweusi kwenye chuma kisafi cha injini, mwekundu kwenye chuma cha kuunganishia plagi. Mwenzako afungue swichi mpaka taa ziwake, asipige stata. Soma.

Ukipata sifuri, umeme haufiki, na plagi bado hazina hatia. Nenda kwenye fyuzi na relei.

Ukipata volti 11 hivi, yaani betri imeshuka kidogo, umeme unafika na kuna plagi zinazounywa. Sasa pima moja moja.

Ukipata volti zile zile za betri, 12.6 kwa mfano, na sindano haikutikisika hata kidogo, umeme umefika mezani ila hakuna anayekula. Plagi zote zimekufa, au karibu zote. Watu wengi husoma kipimo hiki kinyume. Wanaona volti nyingi, wanafurahi.

Kuna Toyota za zamani zenye relei mbili na rizista, zinazotumia plagi za volti 6. Hizo hupewa volti kamili kwa sekunde chache, kisha relei ya kwanza inaacha na volti hushuka karibu nusu. Ukiona hivyo usishtuke, ndivyo zilivyotengenezwa. Kumbuka tu kwamba gari lako ni la aina hiyo, maana tutalirudia jambo hili.

Kupima moja moja lazima chuma cha kuunganishia kitoke. Ukikiacha, plagi zote zimeshikana na utakuwa unapima ya jirani. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Nati zake ni ndogo, aghalabu spana namba 8, na hupenda kudondokea mahali ambapo mkono haufiki, kwa hiyo tandika kitambaa chini. Chuma kikishatoka, rudisha waya wa betri. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 yenye nyaya mbili, mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo ni maiti.

Mita nayo inafaa, lakini uielewe. Plagi nzima ya mfumo wa volti 12 ikiwa baridi husoma omu moja hivi au chini yake, na ya volti 6 husoma chini zaidi. Nyaya za mita za bei rahisi zenyewe zina nusu omu. Zigusanishe kwanza, kumbuka namba unayoiona, kisha uitoe kwenye kipimo. Mimi sihangaiki na namba kamili; nalinganisha plagi kwa plagi. Tatu zinasoma sawa na ya nne haisomi kitu, jibu limepatikana.

Balbu na mita vina upofu mmoja: plagi inaweza kuwa na waya mzima na bado isipashe vizuri kwenye ncha. Plagi ya chuma ukiitoa unaweza kuibana kwenye jiliwa, ukaiunga kwenye betri kwa nyaya za kubustia, mwili kwenye hasi na kichwa kwenye chanya, kwa sekunde chache tu. Ncha ianze kuwa nyekundu kwanza, wekundu upande kuelekea juu. Ikianza katikati na ncha ibaki nyeusi, itupe. Vaa miwani na usiishike kwa mkono. Kipimo hiki usikifanye kwa plagi ya volti 6, wala ya kauri, wala ya magari mapya yanayotumia volti 5 hivi. Hupasuka.

Umeme usipofika, tafuta fyuzi ya glo, ambayo kwenye Toyota nyingi ni kubwa, ya ampea 80, karibu na betri. Itazame kwa mita maana kwa macho hudanganya. Kisha sikiliza relei. Mwenzako akifungua swichi inatakiwa kulia "tak", na baada ya muda ilie tena ikiachia. Ikilia haimaanishi ni nzima. Vidole vyake vya shaba huungua vikawa na masizi, ikawa inalia lakini haipitishi. Pima volti upande wa kuingilia na wa kutokea wakati imeshika. Tofauti ikiwa volti moja au zaidi, badilisha.

Relei isipolia kabisa, au ikiachia baada ya sekunde moja asubuhi ya baridi kali, shuku sensa ya joto la maji. Kwenye Toyota nyingi za zamani, ukichomoa soketi ya sensa hiyo, taima, kile kifaa kinachopanga muda wa kupasha, hudhani kuna baridi kali na kupasha kwa muda mrefu zaidi. Gari likiwaka vizuri baada ya kuichomoa, umeshamjua mwizi. Usilitembeze hivyo kila siku.

Umeme mzuri, plagi nzima, na moshi mweupe bado? Hapo acha. Hiyo ni kompresheni au taimingi, na inahitaji geji na fundi wa pampu. Glo plagi mpya haitafufua ringi zilizokwisha.

Stata inazunguka vizuri, lakini hakuna moshi wa rangi yoyote

Hapa ndipo plagi nyingi hununuliwa bure. Bila moshi hakuna dizeli iliyoingia, na plagi haina cha kuwasha. Tazama tangi. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini na inapiga muda mrefu kabla ya kukaza, hewa imeingia mahali, mara nyingi kwenye bomba la mpira lililopasuka au ringi ya filta iliyowekwa vibaya. Kisha sikiliza solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, ile yenye waya mmoja. Mtu akifungua swichi itoe mlio mdogo. Isipotoa, na umeme hauufikii waya wake, umepata ubaya bila kufungua hata nati moja.

Stata inazunguka kwa uvivu

Betri, vichwa vya betri, waya wa hasi kwenye bodi, stata. Kwa mpangilio huo. Stata ikivuta betri mpaka volti 8 au 9, plagi nazo hupoa, kwa hiyo utaona dalili za plagi mbovu ambazo ni nzima. Ikiwa stata inalia "tak" bila kuzunguka, ukirudia mara tano inazunguka, shaba za ndani ya solenoidi yake zimelika. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa stata za injini hizi na shaba huuzwa peke yake. Na kama kuna baridi ya kuganda huku oili yako ni nzito ya kufaa Tanga, usimlaumu mtu.

Inawaka, lakini dakika ya kwanza inatetemeka na kumisi

Silinda moja au mbili zinalala mpaka injini ipate joto. Dalili hii ikiisha ndani ya dakika moja au mbili, karibu kila mara ni plagi moja imekufa. Watu huvumilia hivi miaka, kisha ya pili inakufa na gari linagoma. Pima kwa balbu kama nilivyoeleza.

Plagi zikiwa nzima zote, ubaya unaofuata ni nozeli, ile inayoingiza dizeli kwenye silinda, inayochirizika badala ya kunyunyiza. Kwenye injini za pampu ya zamani, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma, na ile ambayo haibadilishi mlio ndiyo silinda iliyolala. Ukijaribu, vaa miwani, weka kitambaa, na usiweke kidole mbele ya bomba.

Usifanye hivyo kamwe kwenye D-4D au injini yoyote ya komoni reli. Humo dizeli iko kwenye msukumo unaoweza kuzidi baa 1,000. Inapenya ngozi kama sindano, jeraha linaonekana dogo kama la mbu, na mtu hupoteza kidole au mkono. Akipigwa mtu, mpeleke hospitali saa ile ile hata kama haumwi.

Taa ya koili haieleweki

Taa ile yenye alama ya springi kwenye dashibodi huendeshwa na taima. Haijui kama plagi zinapasha. Inaweza kuwaka na kuzimika kwa adabu zote huku plagi nne ni maiti. Ikikataa kuwaka kabisa, anza na balbu yake na fyuzi ndogo. Ikizimika baada ya sekunde moja au mbili ukiwa Tanga mchana, ndivyo inavyotakiwa. Na taa ikishazimika, si lazima umeme uwe umekatika, maana magari mengi huendelea kupasha hata baada ya injini kuwaka ili kupunguza moshi.

Pikapu nyingi za zamani hazina taima tena. Fundi fulani aliikata akaweka swichi ya kubonyeza. Kama yako ni hivyo, hesabu mpaka kumi, uachie, upige stata. Anayebonyeza nusu dakika ili "ishike vizuri" anaunguza plagi. Angalia pia unene wa waya aliotumia. Plagi nne mwanzoni hunywa ampea 40 na zaidi kwa pamoja, na nimekuta zimeungwa kwa waya wa spika.

Plagi mpya zimeungua ndani ya wiki mbili

Malalamiko haya yamekuwa mengi, na jibu huwa limeandikwa kwenye mwili wa plagi yenyewe. Soma namba iliyopigwa kwenye chuma: 6V, 11V, na kadhalika. Gari la betri ya volti 12 halimaanishi plagi ya volti 12. 3L ya mfumo wa rizista hutaka ya volti 6. 3L nyingine, kwa macho ni ile ile, hutaka ya 11. Ukiweka ya 6 kwenye mfumo unaotoa volti kamili bila kushusha, itang'aa vizuri sana asubuhi ya kwanza, itang'aa ya pili, kisha basi. Ukiweka ya 11 kwenye mfumo unaoshusha, haitaungua, ila haitapasha vya kutosha. Na Land Cruiser za volti 24, zenye betri mbili zilizofuatana, zina plagi zake kabisa. Nenda dukani na plagi ya zamani mkononi, lakini kwanza hakikisha hiyo ya zamani nayo haikuwekwa kimakosa na mwenye gari wa kabla yako.

Sababu ya pili ni relei iliyoganda, haiachii. Dalili yake ni betri kulala usiku. Pima volti kwenye chuma cha kuunganishia robo saa baada ya kuwasha. Ukikuta umeme bado umo, ni hiyo. Ya tatu ni nozeli inayochirizika au taimingi iliyovutwa mbele mno: hapo ncha ya plagi hutoka imeyeyuka au imelika kama mshumaa. Ukiona ncha ya namna hiyo usinunue nyingine kabla nozeli hazijapelekwa kwenye mashine ya kupimia. Ya nne ni plagi feki, ambazo boksi lake huwa zuri kuliko la halali. Duka moja liliniuzia nne zenye maandishi yanayofutika kwa kidole.

Kuzibadili zenyewe

Kazi ya kubadili ni nusu saa. Kazi ya kuzilegeza ni siku tatu, na hizo siku tatu ndizo watu wanazoruka.

Siku ya kwanza jioni, pulizia upepo kuzunguka kila plagi, toa mchanga wote, kisha tia mafuta ya kulegezea kutu kwenye shina lake. Rudia siku ya pili. Siku ya tatu endesha gari mpaka lipate joto la kawaida, zima, na ufungue likiwa bado la moto kiasi cha kuvumilika na glovu. Injini hizi zina silinda hedi za aina tofauti na kutu za aina tofauti, lakini zote hukubali joto.

Toa hasi ya betri. Toa chuma cha kuunganishia. Tumia soketi ndefu, kwenye Toyota hizi ni namba 12, na racheti ndogo. Racheti ndogo ni kwa makusudi, ili mkono wako usiwe na nguvu ya kuvunja. Plagi ya sredi ya milimita 10 hukatika karibu nyutoni-mita 35, na ya milimita 8 karibu 20, yaani mkono wa kawaida kwenye mpini mrefu. Soketi ikae wima. Ikiinama, unaipinda plagi huku unadhani unaifungua.

Geuza polepole. Ikilegea kidogo kisha ikakaza tena, usiilazimishe itoke. Irudishe ndani robo, tia mafuta, itoe robo, irudishe. Unaweza kuchukua dakika kumi na tano kwa plagi moja. Utasikia mkwaruzo mkavu kama msumari kwenye ubao. Huo ni masizi. Ukisikia inakuwa laini kama mpira, inanyonganyonga bila kutoka, acha papo hapo. Chuma kinajikata.

Ikitoka, itazame. Nyeusi kavu ni sawa. Yenye oili inakueleza habari za ringi au vali. Iliyovimba ncha ilikuwa inapata volti nyingi au joto kupita kiasi. Iliyokosa ncha: usipige stata. Kipande kimebaki ndani. Kwenye injini ya kijichumba huenda kimenaswa humo. Kwenye D-4D kimeshaangukia juu ya pistoni. Hapo kazi yako imekwisha, mwite fundi.

Safisha tundu. Kuna kijichuma maalumu cha kukwangua masizi. Kipake grisi ili masizi yanate, kiingize kwa mkono, kitoe, kifute. Chomoa waya wa solenoidi ya dizeli, rudisha betri, piga stata sekunde mbili tatu ili pumzi isukume uchafu nje. Usisimame mbele ya matundu. Kisha toa tena hasi.

Plagi mpya ianze kwa vidole, mizunguko yote mpaka ikae. Ikikataa vidole, sredi haijashika sawa. Usiisaidie kwa racheti. Ukipenda kupaka grisi ya shaba, paka chembe kwenye sredi tu, isifike kwenye ncha, kwa sababu mwili wa plagi ndio njia ya umeme kurudi. Kukaza ni nyutoni-mita 13 hivi kwenye Toyota hizi. Kama kitabu cha injini yako kinasema vingine, fuata kitabu. Bila spana ya kupimia, ni kukaa kwake kisha robo ndogo ya mkono mwepesi. Za kauri usiziangushe hata kwenye kapeti. Ikianguka, haifungwi.

Rudisha chuma cha kuunganishia kikiwa kimesuguliwa kwa msasa, nati zikazwe kwa upole, na hakikisha hakigusi hedi mahali popote, la sivyo fyuzi kubwa itakatika mara tu ukifungua swichi. Rudisha waya wa solenoidi. Washa. Ukisikia "ts-ts-ts" pembeni mwa plagi au ukaona masizi mabichi, kompresheni inavuja. Zima na uangalie kikalio. Badilisha zote kwa pamoja. Anayebadilisha moja atarudi kwa ya pili kabla ya mvua.

Imekatika

Ikiwa imekatika na sredi imebaki ndani, kuna njia ya kutoboa katikati na kuingiza kichomoleo cha kinyume. Inafanywa na fundi wa mashine mwenye vifaa vya kuongoza tundu, na mara nyingine hedi lazima ishuke. Wewe na drili ya mkononi mtaharibu hedi, na vumbi la chuma litaingia kwenye silinda.

Nasema hivyo kwa sababu nilifanya hivyo. Ilikuwa 3L yangu, asubuhi ya Julai, silinda ya tatu. Sikuwa nimepima kitu. Gari lilikuwa limegoma, mtu kaniambia plagi, nikaingiza mpini mrefu kwenye injini ya baridi na ikatoa sauti ndogo tu, kama kuvunja kijiti cha kibiriti. Nikatafuta drili. Hedi ilishuka, gasketi mpya, gari siku tisa uani huku viazi vikioza kwenye magunia. Likafungwa, plagi nne mpya, asubuhi iliyofuata nikafungua swichi, nikapiga stata, na moshi mweupe ukatoka ule ule. Fundi akachukua mita, akagusa chuma cha kuunganishia, akapata sifuri. Relei.